Sindano Mbili na Maiti Mmoja

Mwaka 1848 meli iitwayo Beta ilitia nanga Durban ikiwa imebeba familia za Kijerumani. Aliyezileta ni mfanyabiashara Jonas Bergtheil, na kazi waliyoitiwa ilikuwa kulima pamba kwenye vilima vya magharibi mwa bandari, mahali panapoitwa New Germany hadi leo, ubavuni mwa Pinetown. Ujerumani hakustawi pamba. Watu wale walikuwa wakulima wa nchi ya baridi, wakapewa mbegu wasiyoijua katika udongo wasioujua. Pamba ikawashinda. Haikupita miaka mingi wakaiacha, wakapanda mboga, wakawa wanazipeleka sokoni Durban.

Ukisoma habari zao utaambiwa mradi ulikufa. Ni kweli, ulimfia mwekezaji. Lakini zitazame kazi zenyewe. Pamba ilikuwa kazi ya kipande: panda, chuma, funga, mengine yatafanyika ng'ambo na watu usiowajua, kwa bei usiyoipanga. Mboga ilikuwa kazi nzima. Mtu alianza na mbegu akamaliza na fedha mkononi, na kosa lolote alilolifanya katikati lilimrudia mwenyewe siku ya soko. Nashuku kwamba hapo ndipo walipoijua ardhi ile.

Naanza na kilimo ingawa nia yangu ni kuzungumzia sindano za kufumia na riwaya za upelelezi, mambo mawili yanayoweza kumshika mtu mzima wa Pinetown jioni za baridi, na yaliyonishika mimi. Mji huu uko kama kilomita 20 kutoka ufukwe wa Durban, na umepanda kutoka usawa wa bahari kiasi cha kuwa na ubaridi wa kweli Juni na Julai, kwa hiyo sweta huvaliwa. Lakini nguo hapa zina historia ndefu kuliko baridi.

Katika karne ya 20 pamba ilirudi New Germany ikiwa nyuzi. Philip Frame alijenga viwanda vya kusokota na kufuma vitambaa, na kampuni zake zikawa miongoni mwa kubwa kabisa za nguo nchini. Alfajiri watu walitoka Clermont, kitongoji cha jirani ambako Waafrika waliweza kumiliki viwanja hata enzi za ubaguzi, wakaingia zamu, wakarudi jioni na vumbi la pamba kwenye nywele. Januari 1973, mgomo ulioanza tarehe 9 katika kiwanda cha matofali cha Coronation ulienea Durban nzima, na kabla ya mwezi kwisha mashine za Frame nazo zilikuwa zimenyamaza. Wafanyakazi zaidi ya 60,000 waligoma katika miezi ile, na vyama vya wafanyakazi Waafrika vikafufuka. Kisha, baada ya 1994, nchi ikafungua milango ya biashara, ushuru wa nguo kutoka nje ukapunguzwa, na viwanda vikaanza kufungwa kimoja baada ya kingine. Mengi yameandikwa kuhusu ajira zilizopotea. Machache yameandikwa kuhusu aina ya ujuzi ambao watu walirudi nao nyumbani.

Mwanamke aliyenifundisha kufuma, namwita Gogo kama kila mtu wa mtaani anavyomwita, alishona mifuko ya suruali kwa sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi. Mifuko tu. Ndivyo kiwanda cha nguo kinavyokwenda: vazi hupita mikononi mwa watu makumi, huyu kola, yule kwapa, mwingine vifungo, na kasi hupatikana kwa sababu hakuna anayelazimika kufikiria zaidi ya mshono wake. Siku kiwanda kilipofunga milango alikuwa na mkono mwepesi kuliko fundi yeyote wa mtaani, na alikuwa hajui kushona suruali. Alinieleza hilo bila masikitiko, huku akihesabu vitanzi. Kufuma alijifunza akiwa mtu mzima, kanisani, miongoni mwa akina mama waliokuwa wakitengeneza blanketi za kugawa wakati wa baridi.

Makundi ya namna hiyo yametapakaa Afrika Kusini. Tangu Carolyn Steyn aanzishe kampeni ya 67 Blankets for Nelson Mandela Day mwishoni mwa 2013, watu wengi ambao hawakuwahi kushika sindano wamejifunza, wafungwa wakiwemo, na Aprili 2015 vipande vyao viliunganishwa vikatandazwa Union Buildings mjini Pretoria, blanketi la zaidi ya mita za mraba 3,000, likaingia katika rekodi za dunia. Ni jambo la kupendeza. Hata hivyo Gogo ana neno juu ya blanketi hizo. Kipande cha mraba, anasema, kila mtu anaweza. Ukikosea, jirani yake anakificha. Mwanafunzi anajulikana kwenye sweta.

Na kwenye sweta ndipo nilipoanza kuelewa kwa nini ufundi huu una la kumfundisha mtu ambaye hana haja ya sweta. Chukua hesabu ya kawaida kabisa. Kwa uzi wa unene wa kati na sindano za milimita 4, maelekezo mengi hukwambia vitanzi 22 vitoe upana wa sentimita 10. Sweta ya kifua cha sentimita 100 basi inataka vitanzi 220. Sasa tuseme mkono wako ni mlegevu kidogo, unapata vitanzi 20 katika sentimita 10 zile zile. Tofauti ni vitanzi viwili. Jicho halivioni na kiganja hakivihisi. Unaendelea kufuma wiki nzima ukijisifu, na vitanzi vyako 220 vinakupa sweta ya sentimita 110, ambayo atavaa shemeji yako mnene. Kosa halikuwa kwenye safu ya mia. Lilikuwa kwenye kipande cha majaribio ambacho ulikiona kinapoteza muda ukakiruka.

Hakuna mashine ya kukukosoa, wala msimamizi. Kuna uzi mmoja tu, unaotoka kwenye donge hadi kwenye sindano bila kukatika, na kila kitanzi kinashikiliwa na kilicho chini yake. Kikidondoka kimoja, kinaachia safu hadi safu na kuacha mfano wa ngazi kwenye kifua cha sweta. Mwenye ujuzi huchukua sindano ya ndoano akakipandisha kitanzi hicho safu kwa safu hadi mahali pake. Asiye na ujuzi hufumua. Kufumua ndiko nilikokuchukia zaidi, na ndiko nilikojifunzia zaidi, kwa sababu ukiivuta kazi yako mwenyewe kwa kurudi nyuma unaona jinsi ilivyojengwa. Kwenda mbele, mikono inaweza kukariri. Kurudi nyuma lazima uelewe.

Gogo hafundishi kwa maneno. Anafuma safu moja, anakupa sindano. Ukiuliza kwa nini uzi umekuja mbele badala ya kukaa nyuma, anajibu, “Buka, mntanami,” tazama, mwanangu, kisha anafuma tena, polepole zaidi. Si yeye wa kwanza kufundisha hivyo katika sehemu hizi. Mwaka 1882, mwendo mfupi kutoka Pinetown, padri Franz Pfanner na watawa wenzake wa shirika la Trappist walianzisha monasteri ya Mariannhill. Utawa wao ulikuwa wa ukimya. Mazungumzo yalikuwa kwa ruhusa na kwa ishara za mikono. Watu hao wasiosema ndio waliofungua karakana na shule, wakafundisha vijana wa Kizulu kazi za mikono pamoja na kusoma na kuandika. Kutoka hapo hapo, mwaka 1885, lilizaliwa shirika la masista wa Damu Takatifu, ambao Wakenya wanawafahamu kupitia shule ya wasichana ya Precious Blood, Riruta. Sisemi ukimya ni njia bora ya kufundisha. Hisabati nisingependa kufundishwa kwa ishara. Ila kwa ufundi wa mkono, maelezo mengi humpa mwanafunzi nafasi ya kuamini ameelewa.

Nije kwenye maiti.

Riwaya ya upelelezi ndiyo aina ya uandishi inayofanana zaidi na sweta, nami nashangaa kwamba warsha zetu za uandishi huifanyia dharau. Mwanafunzi wa uandishi huambiwa aandike yatokayo moyoni. Ushauri huo una hatari kubwa: yatokayo moyoni hayapimiki. Nani atakuambia huzuni yako haikukaa sawa? Marafiki watasema imewagusa. Lakini andika kisa cha mauaji, uwape marafiki walewale kurasa zote isipokuwa sura ya mwisho, uwaulize muuaji ni nani. Wakijua wote, umelegeza mkono. Asipoweza mtu yeyote kujua hata kwa akili kali, umedanganya. Kipimo kipo, nacho hakijali hisia zako.

Ndiyo maana wenye kazi hii walijiwekea sheria mapema. Mwaka 1929 Ronald Knox, padri Mkatoliki wa Uingereza aliyeandika riwaya za upelelezi, alitoa amri 10 za ufundi huo. Nguvu zisizo za kibinadamu zisitumike kutatua fumbo. Mpelelezi asiokote ushahidi bila kumwonyesha msomaji. Njia ya siri isizidi moja. Kwa ufupi, kila kitakachobeba uzito mwishoni kiwe kimeshawekwa mbele ya macho ya msomaji, huku msomaji akiwa ameshughulishwa asikitambue.

Sisi tunaosoma Kiswahili tulimpata mapema mtu aliyeyaelewa haya vizuri. Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi, Unguja, 1918. Kazi yake ya kwanza ilikuwa ya ukaguzi katika idara ya afya, na baada ya miaka kama 10 akahamia kwenye magazeti. Baadaye alikuwa mhariri wa jarida la Mkulima. Hakuna chuo kilichomfundisha kutunga visa vya mauaji. Alisoma Sherlock Holmes, akajaribu, na riwaya yake Mzimu wa Watu wa Kale ikashinda shindano la East African Literature Bureau la 1957 na 1958, ikachapishwa 1960. Humo maiti anakutwa kwenye mzimu. Watu wako tayari kuamini kwamba mahali penyewe pamejichukulia mtu wake, na mpelelezi wa kisa, Bwana Msa, na kiko chake, hakubali. Anauliza nani alikuwa wapi. Nasikia mkaguzi wa afya katika maswali yale, yule anayefika kwenye kisima mtaa ukiwa umeshaamua kwamba ugonjwa umeletwa na jicho la mtu, akafunua mfuniko na kuchungulia. Amri ya Knox kuhusu nguvu zisizo za kibinadamu ilipata Unguja maana ambayo Knox hakuiwazia.

Waliofuata walikwenda njia nyingine. Katalambulla alitupa Simu ya Kifo mwaka 1965, kisha akaja Musiba na Willy Gamba wake, na Mtobwa na Joram Kiango, na mbio zikawa nyingi kuliko maswali. Nilizipenda nikiwa kijana na bado nazipenda. Lakini anayetaka kujifunza kujenga namshauri arudi kwa Bwana Msa, kwa sababu bastola ina tabia ya kumwokoa mwandishi pale fumbo lilipomshinda.

Ugumu wenyewe uko hivi. Kisa cha mauaji huandikwa kutoka mbele lakini hufikiriwa kutoka nyuma. Kabla hujamlaza maiti wako kwenye ukurasa wa kwanza, lazima ujue nani alimfikisha pale, kwa sababu gani, na ni kitu gani kidogo muuaji alikisahau. Kitu hicho kidogo unakipanda sura ya pili katikati ya maelezo ya chai na mandazi. Ikifika sura ya kumi ukabadilisha mawazo, ukaona afadhali muuaji awe mjomba badala ya karani, huwezi kubadilisha jina ukaendelea. Mjomba naye alikuwa akifanya nini sura ya pili? Inabidi uvute uzi hadi kule. Anayejua kufuma haogopi hatua hiyo. Anajua kwamba saa mbili za kufumua ni nafuu kuliko kumvisha mtu sweta ya sentimita 110.

Agatha Christie aliingia kazi hii kwa ubishi. Dada yake alimwambia hawezi kuandika kisa cha upelelezi. Ilikuwa wakati wa vita vya kwanza vya dunia, naye akifanya kazi chumba cha dawa cha hospitali huko Torquay, akijifunza vipimo, michanganyiko, na dawa zipi zikikutana chupani hutengana zikaleta balaa. Riwaya yake ya kwanza, iliyotoka 1920, imesimama juu ya ujuzi huo kiasi kwamba jarida la wafamasia liliisifu. Miaka miwili baadaye, akiwa na umri wa miaka 31, alikuwa Muizenberg, Cape Town, amelala kifudifudi kwenye ubao akijifunza kuteleza juu ya mawimbi.  Nalitaja hilo kwa sababu nampenda zaidi nikimwaza amejaa mchanga.

Ni huyohuyo aliyemuumba Miss Marple, bibi wa kijijini aliyejitokeza mara ya kwanza katika hadithi fupi ya 1927, anayefuma pembeni ya chumba wakati wakubwa wakizungumza. Hakuna anayepunguza sauti kwa ajili ya bibi anayefuma. Wasomaji wengine huliona hilo kuwa hila nyepesi ya mwandishi. Wangeacha kuliona hivyo wakisoma habari za Phyllis Latour.

Latour alizaliwa 1921 ndani ya meli ya Kibelgiji iliyokuwa imefunga gati hapa Durban. Alikua yatima mapema, akalelewa na ndugu wa baba yake katika Kongo ya Wabelgiji. Wakati wa vita vya pili alijiunga na jeshi la anga la Uingereza kama fundi wa ndege, kisha akachukuliwa na idara ya siri iliyotuma majasusi Ufaransa. Huko walimfundisha mambo ambayo hakuna shule ya wasichana iliyoyafundisha. Alisimulia baadaye kwamba mmoja wa walimu wao alikuwa mwizi aliyetolewa gerezani awafundishe kupanda madirishani na kushuka kwa mabomba ya maji. Mei 1944 alirushwa kwa mwavuli Normandy, akajifanya msichana mdogo muuza sabuni, akazunguka kwa baiskeli akipiga soga na askari wa Kijerumani. Alituma ujumbe 135 kwa redio. Misimbo yake ilikuwa imeandikwa kwenye kipande cha hariri. Akishatumia mmoja, anautoboa kwa pini. Hariri hiyo aliizungushia sindano ya kufumia, akaiingiza ndani ya kamba bapa ya kiatu, na kwa kamba hiyo akafunga nywele. Walipomkamata kumpekua, askari wa kike aliitilia shaka kamba ile. Latour akaifungua mwenyewe, akatikisa kichwa, nywele zikamwagika, na msako ukaishia hapo.

Baada ya vita aliolewa, akaishi Kenya kwa muda, kisha Fiji na Australia, mwishowe New Zealand, na watoto wake hawakujua lolote hadi mmoja wao aliposoma habari zake kwenye intaneti miaka zaidi ya 50 baadaye. Alifariki Oktoba 2023, na umri wake ulikuwa miaka 102. Miss Marple angemtambua siku ya kwanza.

Najua swali linalokuja, kwa sababu nimeulizwa mara nyingi na ndugu zangu wa Dar es Salaam kwenye simu: yote haya yanalipa nini? Sweta ya mtumba ni bei rahisi kuliko uzi. Riwaya huuzwa kwa rafiki wa rafiki. Mtu mzima mwenye ada za watoto ana nafasi gani ya kujifunza kitu kisicho na soko?

Ningeweza kuwajibu kwa kumtaja Laduma Ngxokolo. Alizaliwa 1986 Port Elizabeth, akafundishwa na mama yake kufuma kwa mashine ndogo ya nyumbani, na chuoni akajiuliza kwa nini vijana wa Kixhosa wakitoka jandoni wanavaa sweta za mitindo ya Kiskoti. Akachukua nakshi za shanga za watu wake akazihamishia kwenye sufu na mohea, uzi ambao nusu hivi ya ule wa dunia nzima hutoka Afrika Kusini. Leo Maxhosa ni jina kubwa la mitindo. Lakini nikimtumia yeye kama jibu nitakuwa nimekubali kwamba swali ni halali, na sikubali. Kwa kila Ngxokolo mmoja kuna maelfu ambao sweta yao itaishia kwa mjukuu, nao hawakupoteza kitu.

Kinachonikera ni mafunzo ya watu wazima yaliyojaa pande zetu zote, huku Afrika Kusini na kule nyumbani, yanayoahidi kipato na kutoa kipande. Siku tatu za kushona barakoa. Wiki ya kutengeneza sabuni ya maji. Cheti, picha ya pamoja na mgeni rasmi, kwaheri. Mtu anarudi nyumbani anajua hatua moja ya kazi ambayo hatua nyingine sita ziko kwa mwenye mtaji. Ni mifuko ya Gogo kwa jina jipya. Bibi zetu waliofuma vitambaa vya makochi hawakupewa cheti na mtu, lakini kila mmoja alijua kuanza, kukunja kona, na kufunga uzi usifumuke, na alikuwa na uhuru wa kubuni ua lake mwenyewe katikati. Ujuzi wa namna hiyo haukuishia kwenye kochi. Uliwafanya watu ambao ukiwaletea mkataba wa kiwanja wanausoma hadi mstari wa mwisho, kisha wanarudi kwenye mstari wa tatu.

Kuna mwandishi mmoja aliyekulia Pietermaritzburg, mji ulio kama saa moja kwa gari kutoka hapa, ambaye aliona jambo hili la vipande kwa upande wa siasa. James McClure alikuwa ripota wa habari za uhalifu huko kabla ya kuhamia Uingereza mwaka 1965. Riwaya yake The Steam Pig ya 1971 ilipata Gold Dagger, tuzo kubwa ya waandishi wa upelelezi wa Uingereza. Wapelelezi wake ni wawili, Kramer ambaye ni Mkaburu na Zondi ambaye ni Mzulu, na uhodari wa kisa uko katika kwamba hakuna kati yao anayeweza kuuona mji mzima. Sheria ya 1950 ya kugawa maeneo kwa rangi ilikuwa imeukata mji vipande. Kramer anaingia sebule ambazo Zondi hawezi kuzikanyaga ila kwa mlango wa nyuma; Zondi anaambiwa kwenye vitongoji mambo ambayo Kramer hatayasikia hata akikaa mwaka. Muuaji anajificha kwenye mpaka wa vipande hivyo. Sijui kitabu cha historia kilichonieleza enzi ile kwa ufupi kiasi hicho.

Kwa hiyo naiwaza riwaya moja. Imewekwa New Germany, ndani ya kiwanda cha nguo, miaka michache kabla hakijafungwa. Mashine zina kelele kiasi kwamba mtu anaweza kupiga ukelele asisikike hatua tano mbali, na waliozoea wanasomana midomo. Maiti anakutwa ghalani nyuma ya marobota. Polisi wanahoji mabwana wa ofisini. Lakini katika viwanda vya namna hiyo kila fungu la vipande hutembea na tiketi yake, na kila fundi huacha juu yake namba yake ili alipwe kwa alichoshona. Fungu moja limepita meza zote isipokuwa moja. Mfuko umeshonwa na mkono usio wa mwenye namba. Nani anaweza kuutambua mkono wa mtu mwingine kwa kuutazama mshono wa mfuko?

Nilimsimulia Gogo habari hii. Alinyamaza hadi mwisho wa safu, akageuza sindano, akasema muuaji hawezi kuwa msimamizi kwa sababu wasimamizi wa siku zile hawakujua hata kutia uzi kwenye sindano ya mashine, na kwamba tiketi nimeiweka mahali pasipo pake, inafungwa kwenye kipande cha juu cha fungu, sio cha chini. Kisha akauliza maiti alikuwa wa zamu gani. Nimempa daftari. Amekwisha kuandika orodha ya waliokuwa zamu ya usiku, na hataki kuniambia ni nani.